Ushuru wa Ruvuma usomeke pale unapolipwa

Kila Juni, Bunge likikaa Dodoma kupitisha bajeti, wafanyabiashara wa Mtwara hutega sikio kwenye redio. Wanataka kujua kipi kimepanda na kipi kimeshuka. Wakishajua, wanabadilisha bei dukani, na habari ya ushuru wa forodha kwa mnunuzi inaishia hapo. Anaukuta ndani ya bei ya sabuni, mafuta ya kula na kitenge. Haambiwi umekusanywa kiasi gani kwenye mto wake na bandari yake, wala umeenda wapi.

Msimamo wetu ni huu: ushuru wa forodha ni halali, na nchi isiyoukusanya haiwezi kusimama. Lakini mlipaji ana haki ya kusoma kiwango chake ukutani, kwa Kiswahili, pale pale anapolipia. Ana haki pia ya kusoma hesabu ya kilichokusanywa katika kituo hicho. Pwani hii, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na mdomo wa Ruvuma, imelipa ushuru kwa tawala nyingi bila kuonyeshwa daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa imepotea zaidi ya mara moja, na historia yake inaeleza kwa nini tunadai tunachodai.

Tuanze na Sultani wa Zanzibar. Katika karne ya 19 Mikindani ilikuwa mwisho wa njia za misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa. Zilishuka pembe za ndovu, sandarusi na, kuanzia miaka ya 1870, mpira wa porini. Walishuka pia watu waliofungwa minyororo, na hilo halipaswi kusahauliwa na yeyote anayesifia utajiri wa bandari zile. Vilivyopanda kwenda bara vilikuwa nguo za merekani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti.

Sultani hakukusanya ushuru huo kwa mkono wake. Aliukodisha. Kwa miaka mingi forodha ilishikwa na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindi wa Kutch, na mwaka 1876 ikaenda kwa Taria Topan. Aliyekodi alimlipa Sultani kiasi walichokubaliana kwa mwaka, na kilichozidi kikawa chake. Mtu wa namna hiyo hana sababu ya kumwonyesha mlipaji hesabu. Kadiri hesabu inavyofichika, ndivyo faida yake inavyonona.

Kiwango cha bidhaa zilizoingia kilikuwa 5 kwa mia. Kiliandikwa katika mkataba ambao Sultani Seyyid Said alitia saini na Marekani mwaka 1833, kisha Uingereza ikafuata mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844. Nahodha aliyetoka Salem, Massachusetts, na shehena ya merekani alijua kabla hajang'oa nanga kwamba Zanzibar atadaiwa 5 kwa mia. Aliyechimba sandarusi au aliyebeba pembe kutoka bara hakuwa na mkataba wowote wa kumkinga. Pembe zilitozwa viwango tofauti kulingana na zilikotoka, na mwenye mzigo aliambiwa kiwango chake baada ya kufika. Mgeni alikuwa na kiwango kilichoandikwa. Mwenyeji alikuwa na neno la mtu wa forodha. Tofauti hiyo ndiyo tunayoipigania mpaka leo.

Kisha ikaja kampuni. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa alitia saini mkataba wa kuikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa pwani na forodha zake, kutoka mto Umba hadi Ruvuma, kwa miaka 50. Makabidhiano yalianza Agosti mwaka huo huo. Maofisa wa kampuni walifika bandarini na kanuni mpya: mashamba na nyumba viandikishwe, vyombo vikaguliwe, tozo zilipwe. Pangani, Emil von Zelewski aliishusha bendera ya Sultani. Pwani ikawaka.

Vitabu vya shule vinatuambia habari za Abushiri wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani, na ni haki yao. Kusini kunatajwa kwa mstari mmoja tu. Septemba 1888 maofisa wawili wa kampuni waliuawa Kilwa, na wenzao wa Lindi na Mikindani wakakimbia. Kwa zaidi ya mwaka mmoja kampuni iliyopewa forodha kwa miaka 50 haikuwa na mtu wa kukusanya hata pesa moja katika bandari hizi. Ilibidi serikali ya Ujerumani imtume Hermann von Wissmann na askari wa kukodi, naye hakuzirudisha Kilwa, Lindi na Mikindani mikononi mwa Wajerumani hadi Mei 1890.

Tusiipambe vita ile. Miongoni mwa waliopigana walikuwamo wafanyabiashara ya utumwa waliolinda maslahi yao. Lakini walikuwamo pia wenye majahazi, wapagazi na wakulima waliokuwa wamelipa forodha miaka yote bila kushika silaha. Walishika silaha pale mkusanyaji mpya alipokuja na kanuni ambazo hakuna aliyewauliza, kwa faida ya kampuni ambayo hawakuwa na hisa ndani yake. Machemba, mkuu wa Wayao katika uwanda wa Makonde, alimwandikia Wissmann kwa Kiswahili mwaka 1890. Alimweleza kwamba akitaka urafiki yuko tayari, akitaka vita yuko tayari, ila kuwa chini yake hapana. Alishikilia msimamo huo hadi mwaka 1899, aliposhindwa na kuvuka Ruvuma kwenda upande wa Wareno.

Mwaka 1895 Wajerumani walijenga boma lao Mikindani. Bado limesimama juu ya mji, na watalii hupiga picha. Wenzao wa Ulaya walikuwa wamekwisha kupanga viwango. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ulitamka kwamba bidhaa ziingie bila ushuru katika ukanda mpana uliovutwa kutoka Kongo hadi Bahari ya Hindi. Miaka mitano baadaye, mjini Brussels, mataifa yale yale yaliruhusu ushuru wa hadi 10 kwa mia, na sababu iliyotajwa ilikuwa gharama za kukomesha biashara ya utumwa. Hakuna mtu wa Mikindani, Lindi wala Kilwa aliyekuwa mezani Berlin au Brussels. Aliyenunua doti ya kaniki ndiye aliyelipa.

Na mto ukageuzwa mpaka. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba Ruvuma iwatenganishe. Waliokuwa wakivuka kwenda kuoa, kulima na kuuza wakawa, bila kuhama, watu wa nchi mbili zenye forodha mbili. Tazama Kionga, kipande kidogo cha nchi kusini ya mdomo wa mto. Wareno walisema ni chao. Mwaka 1894 Wajerumani wakakitwaa. Aprili 1916, katikati ya Vita Kuu, Wareno wakakirudisha, na mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukawathibitishia. Kisa cha kugombea mikoko na mchanga ule si fumbo: anayeshika mdomo wa mto anashika kila chombo kinachoingia na kutoka. Mzee aliyezaliwa Kionga enzi za Sultani Barghash angeweza kulipa ushuru kwa mabwana watatu akiwa kwenye shamba lile lile la minazi.

Upande wa kusini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Ureno iliikabidhi nchi yote ya Cabo Delgado na Niassa kwa Kampuni ya Niassa, iliyopewa hati mwaka 1891 na kutawala hadi mwaka 1929. Kampuni hiyo iliishi kwa kodi ya nyumba, forodha na kazi ya shuruti. Wamakonde wengi waliikimbia na kuvuka mto kuja kaskazini. Bidhaa nazo zilivuka usiku kwa mitumbwi. Njia za panya ambazo maofisa wa leo wanazilaumu zilichongwa wakati huo, na kilichozichonga ni ushuru usio na huruma wala hesabu. Palipo na tofauti kubwa ya bei kati ya kingo mbili za mto, mtumbwi utavuka. Bunduki za walinzi huongeza nauli tu.

Waingereza waliposhika Tanganyika baada ya vita hawakuja na kampuni. Walikuja na mpango wa kitaalamu, na wizi wake ulikuwa wa kitaalamu pia. Kenya na Uganda zilikuwa zimeunganisha forodha zao tangu mwaka 1917. Mwaka 1923 Tanganyika iliingizwa katika biashara huru ya mazao ya nchi hizo tatu, na mwaka 1927 umoja wa forodha ukakamilika. Ushuru wa kinga uliwekwa kwenye unga wa ngano, siagi, sukari na mbao kutoka ng'ambo. Walionufaika zaidi walikuwa walowezi wa Kenya.

Twende polepole hapa, maana ndipo fedha zilipopotelea. Chukua gunia la sukari kwenye duka la Mikindani. Lingetoka ng'ambo, ushuru wake ungeingia hazina ya Dar es Salaam, na mnunuzi angeweza walau kudai barabara au zahanati. Lilipotoka Kenya au Uganda liliingia bila ushuru. Je, mnunuzi alilipa kidogo? Hapana. Mwenye kiwanda alijua sukari ya ng'ambo imepandishwa bei na ushuru, naye akapandisha yake hadi karibu na hapo. Mnunuzi wa Mikindani alilipa karibu bei ile ile, hazina yake haikupata kitu, na tofauti ikabaki mfukoni mwa mzalishaji aliye mamia ya maili kaskazini. Mwaka 1932 Sir Sydney Armitage-Smith, aliyetumwa kutoka London kuchunguza fedha za Tanganyika, aliandika wazi kwamba mpango huo unaiumiza Tanganyika. Ripoti iliwekwa kabatini na mpango ukaendelea.

Ilipofika karibu na uhuru ndipo wakubwa walipokiri. Tume ya Raisman, iliyoundwa mwaka 1960, ilipendekeza 6 kwa mia ya mapato ya forodha na ushuru wa bidhaa, pamoja na 40 kwa mia ya kodi ya faida za makampuni ya viwanda na fedha, viwekwe katika mfuko wa pamoja. Nusu ya mfuko ingegharamia huduma za pamoja, na nusu nyingine ingegawanywa sawa kwa nchi tatu. Kiasi chenyewe hakikutosha. Lakini kanuni ilikubalika: umoja wa forodha unaonufaisha upande mmoja una deni kwa upande mwingine, na deni hilo lina hesabu. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1967 uliifuata kanuni hiyo kwa kuziruhusu Tanzania na Uganda kutoza kodi maalumu kwa baadhi ya bidhaa za viwanda vya Kenya ili viwanda vyao vichanga vikue. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Kanuni haikuvunjika.

Mtwara ina sababu yake ya ziada ya kutaka daftari. Mji huu ulijengwa kwa ahadi. Mpango wa karanga wa mwaka 1947 ulituletea bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zikafa mwaka 1951, reli ikafungwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa. Wazee wanakumbuka. Vijana nao wanakumbuka Mei 2013, damu ilipomwagika kwa sababu ya bomba la gesi, na Juni 2018, wabunge wa kusini walipopigania bungeni sehemu ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao hilo. Wabunge walishindwa, na fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Hatusemi kila madai ya miaka hiyo yalikuwa sahihi. Tunasema hasira ile haikutoka hewani. Inatoka kwa watu waliozoea kuona mzigo ukiondoka na hesabu isirudi.

Sasa tutazame Ruvuma ya leo. Juu, Mtambaswala, kuna Daraja la Umoja lenye urefu wa mita 720, lililofunguliwa Mei 2010 na Rais Kikwete wa Tanzania na Rais Guebuza wa Msumbiji. Chini, Kilambo, karibu na mdomo wa mto, watu wamekuwa wakivuka kwa kivuko na kwa mitumbwi. Bandari ya Mtwara imepata gati jipya la mita 300. Biashara ipo. Lakini Msumbiji haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa baadaye. Mama anayevuka Namanga na bidhaa halisi za Kenya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 ana utaratibu rahisi wa Jumuiya: cheti kifupi cha asili ya bidhaa anachokipata hapo hapo mpakani. Mwenzake wa Kilambo yuko nje ya utaratibu huo. Biashara yake na Msumbiji iko chini ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na bidhaa zinazotoka nje ya kanda hizo zinakutana na viwango vya pamoja vya Jumuiya: 0, 10, 25, na tangu Julai 2022, 35 kwa mia.

Kiwango chenyewe bado hakimwelezi kila kitu. Tuseme mzigo wake, pamoja na nauli na bima, umethaminiwa shilingi 100,000, na uko kwenye kundi la 25 kwa mia. Ameambiwa ni 25 kwa mia, basi ameandaa 25,000. Lakini kodi ya ongezeko la thamani ya 18 kwa mia inapigwa juu ya bei iliyokwisha kuongezwa ushuru, yaani juu ya 125,000, nayo ni 22,500. Anadaiwa 47,500, kabla ya tozo nyingine ndogo ndogo. Hakuna aliyemwibia, sheria ndivyo ilivyo. Lakini hakuna karatasi ukutani iliyomwonyesha hesabu hiyo kabla hajafunga mzigo. Anaondoka akiamini ametozwa mara mbili, na safari ijayo atamtafuta kijana mwenye mtumbwi. Serikali imepoteza mlipaji, na mlipaji amepoteza kinga ya sheria. Aliye kwenye njia ya panya hawezi kumshtaki anayemnyang'anya.

Tunajua hoja za upande wa pili. Ya kwanza ni usalama, na ni ya kweli. Tangu Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, Cabo Delgado haijatulia. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu, kilivamiwa, na Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Mpaka unahitaji ulinzi mkali. Lakini kiwango kilichobandikwa ukutani hakimsaidii gaidi. Kinamsaidia mwenye mzigo halali apite mlango wa mbele, ili askari abaki na wachache wa kuwatafuta porini. Kila mama wa sabuni anayesukumwa kwenye njia ya panya anamfichia mhalifu nyayo.

Hoja ya pili ni kwamba hazina ya taifa ni moja, na kila mkoa ukidai chake nchi itameguka. Tunakubaliana na nusu yake. Korosho za Mtwara zinajenga shule ya Kigoma na dhahabu ya Geita inajenga hospitali ya Lindi, na ndivyo inavyotakiwa. Kuonyesha hesabu ni jambo jingine. Mtu wa Kilambo akijua kituo chake kilikusanya kiasi gani mwaka jana, ataweza kuuliza kwa nini barabara ya kituo hicho haipitiki masika. Swali hilo halivunji taifa. Anayeliuliza ni mwananchi anayejihesabu kuwa mwenye mali.

Hoja ya tatu ni kwamba viwango tayari vimechapishwa katika Gazeti la Serikali na vipo kwenye mtandao. Vipo, kwa mamia ya kurasa, vingi kwa Kiingereza na kwa namba za makundi ambazo hata wakala wa forodha huzihangaikia. Nahodha wa Salem hakuhitaji wakala kujua 5 kwa mia. Kumpa mwananchi wa mwaka huu kilicho kigumu kuliko alichopewa mgeni wa mwaka 1833 ni aibu, na aibu hiyo inaondolewa kwa bango moja.

Kwa hiyo tunaitaka Serikali, kupitia Wizara ya Fedha na Mamlaka ya Mapato, ifanye haya kabla ya bajeti ijayo. Katika vituo vya Kilambo na Mtambaswala na kwenye lango la bandari ya Mtwara, libandikwe bango la Kiswahili linalotaja bidhaa zinazovuka zaidi, kiwango cha kila moja, na mfano wa hesabu kamili hadi shilingi ya mwisho. Kwa kuwa wateja wetu wengine wanatoka ng'ambo ya mto, bango hilo liwe na Kireno pia. Kila robo mwaka, kila kituo kitangaze kilichokusanya: kwenye ubao wa kituo, kwenye ofisi za halmashauri na kwenye redio za mkoa. Na katika mazungumzo na Maputo, wafanyabiashara wadogo wa Ruvuma wapatiwe utaratibu rahisi unaolingana na ule wa Namanga, wenye fomu ya ukurasa mmoja na dirisha lao wenyewe.

Madiwani na wabunge wa Mtwara wasikae kusubiri. Wana vikao, wana maswali ya Alhamisi, wana kamati. Waulize swali moja, walirudie mpaka lijibiwe: Kilambo ilikusanya shilingi ngapi mwaka uliopita? Jibu likipatikana, liandikwe kwenye ubao wa kila kijiji kilicho kandokando ya mto.